Mifupa ya Watu Wenye Jasho la Chumvi

Wengi wetu tukiutazama mfupa twaona kitu kilichokufa: kipande kigumu kilichobaki sahanini siku ya nyama, ambacho mbwa wa mlinzi hukingoja nje ya bwalo. Si ajabu basi tukidhani kwamba hata mfupa ulio ndani ya mwili wetu umesimama tu kama nguzo ya nyumba, kwamba ukishakuwa umekuwa. Lakini mfupa wa mtu aliye hai una damu, una mishipa ya fahamu, na una wafanyakazi wa namna mbili wasiolala. Wa kwanza ni chembe zinazobomoa. Hizi huuyeyusha mfupa wa zamani na kuirudisha chokaa yake katika damu. Wa pili ni chembe zinazojenga. Hizi hufuata nyuma, hutandaza nyuzi za protini, kisha huzijaza chokaa mpaka zikawa ngumu. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa yake yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka.

Utotoni wajenzi huwashinda wabomoaji, na mifupa huongezeka kama nafaka katika ghala wakati wa mavuno. Katika miaka miwili hivi ya kubalehe, wakati kijana anapotoka ghafula katika suruali yake, yeye hupata karibu robo ya mfupa wote atakaokuwa nao utu uzimani. Afikapo miaka 18 au 20 ghala limekwisha kujaa kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Huongezeka kidogo tena mpaka kabla ya miaka 30, kisha mlango wa kuingizia hufungwa, na tangu hapo kazi ni kutoa tu mpaka uzee. Ndugu zangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu, habari hii yawahusu nyinyi hata kabla sijayataja maradhi yenyewe.

Nimeanza na ghala kwa makusudi, maana maradhi ninayotaka kueleza huliibia ghala hilo katika miaka ile ile ya kulijaza. Jina lake ni sistiki faibrosisi. Kiswahili hakina jina lake la kawaida, kwa hiyo nitaliacha hivyo hivyo.

Yasimuliwa kwamba wazee wa Ulaya waliyajua maradhi haya zamani sana kwa dalili moja: mtoto ambaye ukimbusu kipajini waonja chumvi kali, huyo hatakaa duniani. Elimu ilikuja nyuma sana. Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Bibi Dorothy Andersen, aliyekuwa akichunguza maiti za watoto, alieleza kwamba kongosho za baadhi yao zilikuwa zimejaa vifuko na makovu. Mwaka 1948 joto kali liliingia katika mji ule ule, na daktari mwingine, Paul di Sant'Agnese, akatambua kwamba wengi wa watoto waliozidiwa na joto walikuwa na maradhi haya. Akalichunguza jasho lao, na mwaka 1953 akatangaza kwamba lina chumvi kupita kiasi. Mpaka leo njia iliyo maarufu ya kuyatambua maradhi haya ni kulipima jasho.

Sababu yenyewe ilijulikana mwaka 1989, wataalamu wa Toronto na wa Michigan walipoipata jeni yenye kosa. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyo kama mlango katika ukuta wa chembe. Chumvi hupita mlangoni hapo, na penye chumvi maji hufuata. Mlango ukiharibika maji hayafuati, na ute ambao ungekuwa mwepesi huwa mzito kama uji uliolala. Katika mapafu ute huo huwa makao ya vijidudu. Katika kongosho huziba vijifereji vinavyopeleka tumboni vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Protini hiyo ina viungo 1,480 vilivyopangwa kama shanga katika uzi, na kwa wagonjwa wengi wa Ulaya kosa lote ni kupotea kwa ushanga mmoja, ule wa 508. Nilipolisoma jambo hilo niliona ni dhuluma kubwa, ushanga mmoja kumtesa mtu maisha yake yote.

Maradhi haya hayaambukizi, hurithiwa. Baba na mama huweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akiwa amebeba jeni moja yenye kosa na moja iliyo nzima bila kujua. Wakizaa, kila mtoto ana bahati mbaya ya moja katika nne ya kupata zile mbili zenye kosa. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, mtu mmoja katika 25 hivi amebeba jeni hiyo. Ayalandi ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa wingi wa wagonjwa ikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Nilipoisoma habari hii mbele ya wenzangu wa chama chetu cha sayansi, mmoja alisimama akasema, "Basi hayo ni maradhi ya Wazungu, yatuhusu nini?" Wengi walicheka, lakini hoja yastahili jibu. Ni kweli kwamba kwetu maradhi haya ni machache. Lakini liko kosa moja la jeni hiyo, ambalo wataalamu huliandika 3120+1G>A, linaloonekana hasa kwa watu weusi, nao ni wa Afrika Kusini na wa Marekani pia. Mtoto anayekohoa mwaka mzima na kukonda ingawa anakula, katika bara letu hudhaniwa haraka kuwa ana kifua kikuu au utapiamlo, kwa sababu hayo ndiyo mengi. Asiyepimwa jasho hawezi kuhesabiwa.

Sasa nirudi kwenye mifupa. Miaka ya 1950 watoto wenye maradhi haya walikuwa wakifa wengi kabla ya kuanza shule. Nyumba ikiwaka moto hakuna anayeuliza kama bati linavuja, na vivyo hivyo hakuna daktari aliyekuwa na nafasi ya kuuliza habari za mifupa ya mtoto anayekufa kwa mapafu. Baadaye zikaja dawa za kuua vijidudu, mazoezi ya kuukung'uta ute kifuani, na vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na kila mlo. (Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, jambo lililozua mjadala bwenini kwetu mpaka kiranja akazima taa.) Wagonjwa wakaanza kufika ujana, kisha utu uzima, na leo mtoto azaliwaye na maradhi haya katika nchi tajiri hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 50. Hapo ndipo madaktari walipoona jambo wasilolitazamia: vijana waliookolewa walikuwa na mifupa myepesi kama ya wazee. Kwa hiyo udhaifu wa mifupa katika maradhi haya ni tatizo lililoletwa na ushindi. Ni wenye kuishi ndio wanaolipata.

Mimi habari hii niliipata kwanza kwa barua. Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Ayalandi, na ninayeandikiana naye ni msichana wa miaka 16 aliye na maradhi haya. Ameniruhusu kuandika, ila jina lake nisilitaje. Kaka yake, mwenye miaka 27, anayo pia. Mwaka jana kaka huyo alivunjika ubavu. Hakuanguka wala hakupigwa na mtu. Alikohoa usiku, basi, ubavu ukavunjika.

Nasi twadhani ubavu uliovunjika ni jambo la kuuma tu kwa majuma machache. Kwa mgonjwa huyu si hivyo. Maisha yake yategemea kukohoa, maana ndiyo njia ya kuutoa ute mapafuni. Mbavu zikiuma hakohoi sawasawa, ute hubaki, vijidudu huzidi, na mapafu hupata jeraha jipya. Pingili za uti wa mgongo nazo, zikiwa dhaifu, huweza kubonyea polepole. Mgongo wa juu hupinda, kifua hubanwa, na mapafu yaliyokwisha kudhoofika hupungukiwa na nafasi. Tena wako wagonjwa ambao mwishowe hawana tumaini ila kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine. Mifupa ikiwa imedhoofika sana, hospitali huweza kusita kuwapandikiza, kwa sababu dawa ambazo lazima zitumiwe baada ya upasuaji huo huimaliza mifupa zaidi. Hivyo mtu aweza kukosa mapafu kwa ajili ya mifupa yake.

Yapasa tujiulize ni nani hasa anayeliibia ghala. Wa kwanza kukamatwa alikuwa tumbo, kwa kuwa kosa lake ni rahisi kulifahamu. Kongosho likiziba, mafuta ya chakula hayasagwi, hupita tu na kutoka. Vitamini za A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta, basi nazo hupotea pamoja nayo. Vitamini D ndiyo inayoufanya utumbo uipokee chokaa ya chakula. Bila hiyo mtu aweza kunywa maziwa ndoo nzima na chokaa ikapita kama abiria aliyelala kituo chake. Ni kweli kwamba ngozi yetu hujitengenezea vitamini D ikipigwa na jua. Lakini huko Ayalandi, tangu Oktoba mpaka Machi, jua hupita chini sana angani na mwangaza wake hauwezi kuifanya kazi hiyo. Rafiki yangu aliniandikia kwamba wakati wa baridi huenda shuleni gizani na kurudi gizani. Vitamini K kazi yake haijulikani sana kwa wengi: ndiyo inayoitayarisha protini moja ya mfupa iweze kuishika chokaa.

Hapa mwenzetu mmoja mwenye busara alishauri, "Wapewe maziwa na dagaa, yaishe." Ushauri ni mzuri, na dagaa anayeliwa na miiba yake ni hazina ya chokaa ambayo sisi tunaodharau chakula cha bwalo tungeiheshimu. Kijana wa rika letu, mgonjwa au mzima, huhitaji chokaa kiasi cha miligramu 1,300 kwa siku. Lakini ghala halijai kwa kumwaga nafaka nje ya mlango. Kwa mgonjwa, maziwa lazima yafuatane na vimeng'enya vyake na vitamini zake, tena ale zaidi yetu: wengine huhitaji nguvu ya chakula iliyo mara moja na nusu ya mtu mzima wa afya, na wengine karibu mara mbili.

Lakini mwizi wa pili ndiye aliyenishangaza, kwa maana yuko mbali na tumbo na mbali na mfupa. Ni mapafu. Mahali penye vita na vijidudu, mwili hutoa kemikali za kuwaita askari wake. Kemikali hizo huingia katika damu, huzunguka mwili mzima, na zikifika mifupani huwaamsha wale wabomoaji. Hivyo kila mara mgonjwa anaposhikwa na kifua kikali akalazwa, siku zile zile mifupa yake hubomolewa kwa haraka, na wajenzi hawawezi kuwafikia. Mtu hutoka hospitali akipumua vizuri, akifurahi, wala hajui alichokiacha kule. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ambayo wazazi wa wagonjwa yafaa waelezwe kwanza, kwamba kulitibu kifua mapema ni kuutibu mfupa pia.

Wezi wengine ni wengi. Ziko dawa za steroidi zinazotuliza uvimbe wa mapafu, nazo zikitumiwa siku nyingi hudhoofisha mifupa. Uko mwili kukonda, maana mfupa usiobeba uzito hauoni sababu ya kuwa mnene. Kuna kubalehe kwa kuchelewa, ambako huichelewesha ile miaka miwili ya mavuno. Kuna kisukari, kinachowapata wagonjwa wengi baada ya kongosho kuharibika. Na siku hizi imegunduliwa kwamba hata chembe zinazojenga mfupa zina mlango ule ule wa chumvi, kwa hiyo kosa la jeni laweza kuugusa mfupa moja kwa moja.

Ubaya wa wizi huu ni ukimya wake. Mfupa unaopungua hauumi. Picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi upungufu mpaka uwe mkubwa. Ndiyo sababu iko mashine ya namna nyingine ipitishayo miale hafifu ya namna mbili juu ya kiuno na uti wa mgongo, ikahesabu ni kiasi gani cha madini kilichomo mfupani. Mgonjwa hulala tu dakika chache, hachomwi sindano. Huko Ulaya madaktari hushauri kipimo cha kwanza kifanywe mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10, kisha kirudiwe baada ya mwaka mmoja hadi mitano kwa kadiri ya hali yake. Hesabu ya kijana hulinganishwa na ya vijana wazima wa rika lake, wala si ya mtu mzima, kwa sababu ghala lililo katikati ya kujazwa haliwezi kulinganishwa na lililojaa. Vilevile kijana mfupi hulazimika kufikiriwa ufupi wake, ama sivyo mashine humsingizia upungufu asio nao.

Rafiki yangu alipimwa mwaka jana, mwezi mmoja baada ya ubavu wa kaka yake. Hesabu yake ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Daktari hakumpa dawa ya mifupa. Alimwongezea vitamini D, akamtuma kwa mshauri wa chakula, kisha akamwamuru aruke kamba. Nilicheka niliposoma, nikidhani ni mzaha, lakini maana yake ni hii: mfupa hujengeka pale unapogongwa. Kukimbia, kuruka, kucheza mpira na kupanda ngazi huupa mfupa mshtuko mdogo, na chembe zinazojenga huitika. Kuogelea, ambako alikuwa akikupenda, ni kuzuri kwa mapafu lakini huufaa mfupa kidogo tu, kwa sababu maji huubeba mwili. Asiache kuogelea, aliambiwa, ila kamba iongezwe.

Kaka yake alipewa dawa. Dawa hizo huwatuliza wabomoaji ili wajenzi wapate kupumua. Kuna za kumeza na kuna za kutiwa mshipani. Wagonjwa wa sistiki faibrosisi wanaotiwa mshipani wengine hupata homa na maumivu makali ya mifupa siku za kwanza, na kaka huyu alikuwa mmojawapo. Majaribio yameonyesha kwamba dawa hizo huongeza madini katika mifupa ya wagonjwa hawa, lakini bado hayajathibitisha kwamba huzuia kuvunjika. Wala haziwezi kuufungua mlango wa ghala uliokwisha kufungwa, hulinda kilichobaki. Huyo ni mtu wa miaka 27, na dada yake wa miaka 16 bado anao muda wa mavuno. Ndugu wa tumbo moja, jeni zile zile, na tofauti kubwa iliyopo kati yao mbele ya daktari ni miaka 11.

Wasomaji watauliza kama hakuna dawa ya maradhi yenyewe. Ipo, kwa wengi. Mwaka 2012 ilianza kutumika dawa ya kwanza inayousaidia ule mlango wa chumvi ufunguke, na mwaka 2019 Marekani iliruhusu nyingine, iliyo mchanganyiko wa dawa tatu, inayowafaa karibu wagonjwa tisa katika kumi wa huko. Watu waliokuwa wakingoja mapafu ya kupandikizwa wameondoka katika orodha. Kuhusu mifupa, zimeonekana dalili njema, hasa kwa ile ya kwanza. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Niliihesabu kwa shilingi zetu nikaiacha, maana nafasi ya karatasi haikutosha.

Lakini dawa hizo huurekebisha mlango ulioharibika. Mlango usiokuwapo kabisa haziwezi kuuumba. Rafiki yangu na kaka yake wamerithi makosa mawili ya nadra, ya namna hiyo, nao wamo katika ile sehemu moja ya kumi ambayo dawa haiifai. Wao waendelea na njia ya zamani: vimeng'enya katika kila mlo, kukung'uta kifua asubuhi na jioni, vitamini, na kuwahi hospitali kila kifua kinapobadilika. Kipimo chake kingine cha mifupa kimepangwa akiwa na miaka 18. Barua ya mwisho yasema ameruka mara 200 bila kukosea, tena anataka kujua wasichana wa kwetu huruka ngapi. Nimeuliza bweni la wasichana, nangoja jibu.